Albamu Iliyorekodiwa Katikati ya Mashuka

Mara ya kwanza nilipomsikia nilidhani watu wanagombana.

Ilikuwa Ijumaa, kama saa nane mchana, wakati ambapo hoteli yetu hupumua kidogo kwa kuwa wageni wa kuondoka wameshaondoka na wa kuja bado wako angani. Nilikuwa nimetoka kuswali. Nikashuka chini kabisa ya jengo, kwenye chumba changu cha mashuka, na kabla sijausukuma mlango vizuri nikasikia sauti ya mwanamke nyuma ya rafu za mablanketi. Alisema haraka haraka, kwa ukali, akanyamaza, akaanza tena maneno yale yale. Nikashika ule ubao wa kubania karatasi za orodha, silaha pekee niliyokuwa nayo, nikazunguka rafu.

Nilimkuta askari wa mlango wa wafanyakazi. Kila siku tukitoka kazini yeye ndiye aliyekuwa akitazama ndani ya mikoba yetu: msichana mrefu wa Kinaijeria, mpole, asiye na maneno mengi. Sasa alikuwa amelielekea rundo la mataulo, simu mkononi, waya masikioni, kofia ya kazi kaiweka juu ya foronya zangu safi.

"Unagombana na nani?" nikamuuliza.

Akashtuka. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo: akapiga magoti, na sare yake yote na vile viatu vizito, akasema, "E ku ise, ma."

Nilikuwa nimeishi Doha miaka tisa. Nimeitwa sista, nimeitwa madam, nimeitwa "wewe wa mashuka". Kupigiwa magoti, sijawahi. Nikamwambia ainuke upesi, kisha nikamuuliza amesema nini. Akanieleza kwamba kwao, Wayoruba, ukimkuta mtu yuko kazini humpiti hivi hivi, unamwamkia kwa ajili ya ile kazi anayoifanya. Kwa Kiingereza, akasema, salamu hiyo haina mwenzake.

"Kwetu ina mwenzake," nikamwambia. "Sisi tunasema pole na kazi."

Akalirudia mara tatu, pole na kazi, pole na kazi, kama mtu anayeonja mchuzi. Tulikuwa tukizungumza Kiingereza, kile Kiingereza cha hotelini ambacho kila mtu amejishonea kwa kipimo chake, lakini nadhani urafiki wetu ulianzia kwenye salamu ile.

Ndipo akaniambia alichokuwa akikifanya. Alikuwa anarap. Nyimbo zake mbili tatu alikuwa ameshaziweka mtandaoni, na huko Lagos watu walikuwa wameanza kumfuatilia. Vijana walimwandikia kila siku kumuuliza albamu itatoka lini. Biti alitumiwa na rafiki yake waliyesoma pamoja. Kilichokuwa kimemshinda ni mahali pa kurekodi sauti. Katika nyumba za wafanyakazi kule Al Wukair alilala chumba kimoja na wenzake watatu, kila mmoja na zamu yake, hivyo saa zote yupo mmoja amelala. Akijaribu bafuni, sauti inagonga vigae na kurudi. Siku moja aliletwa chumbani kwangu na kazi, akasema neno moja tu, akasikia sauti yake imetulia palepale, haikwenda kugonga popote. Mashuka yalikuwa yameimeza.

"Ma, watu wanajenga studio nzima ili wapate ukimya kama huu," akaniambia.

Sasa niseme ukweli. Mimi ni mtu wa Tanga, binti wa mwalimu wa madrasa, na rap kwangu ilikuwa kelele za vijana waliokosa kazi. Nilitaka kukataa. Lakini mtu ameshakupigia magoti, utamkatalia kwa mdomo gani? Nikampa masharti: Ijumaa tu, nusu saa ya mapumziko yake, na matusi sitaki.

"Hakuna matusi, ma. Bibi yangu atasikiliza."

Huyo bibi ndiye alikuwa roho ya albamu yote. Alimlea mjukuu wake huko Abeokuta mpaka akatimiza miaka tisa, na kazi yake ilikuwa kutia vitambaa rangi ya nili. Kila asubuhi alimwamsha mtoto kwa kumghania sifa zake na za ukoo wake, maneno ambayo Wayoruba huyaita oriki. Halafu mtoto akahamishiwa Lagos kwa wazazi, akasomeshwa kwa Kiingereza, na Kiyoruba kikabaki kwake kama nguo ya utotoni: anaipenda, ila inambana mabegani. Bibi hakujua Kiingereza zaidi ya salamu. Msichana alikuwa ameapa kwamba nusu ya albamu itakuwa kwa maneno ambayo bibi atayaelewa bila kuhitaji mtu wa kumtafsiria.

Ijumaa ya pili nilikaa nikikunja mataulo huku nikimsikiliza. Kiingereza chake nilikifuata kwa shida, Kiyoruba sikuambulia kitu, lakini jambo moja nililisikia wazi kuliko yeye mwenyewe. Pumzi zilikuwa zinamwishia. Alianza mstari kwa nguvu kama maji ya mfereji uliofunguliwa, akifika katikati anahema, na kule kuhema kukaingia kwenye maiki.

Nilipokuwa msichana nilikuwa kiongozi wa kaswida katika madrasa yetu. Marehemu baba alitufundisha kuimba tukiwa tumeweka viganja tumboni, na alikuwa akisema mwenye kuvutia pumzi kifuani ni sawa na mwenye kuchotea maji kijiko. Mambo hayo nilikuwa sijayawaza kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikaweka taulo chini.

"Mwanangu, unapumua vibaya."

"Ma?"

Nikamwekea kiganja chake tumboni. Nikamwonyesha namna ya kuiba pumzi ndogo pale ambapo neno limekwisha lakini maana haijakwisha. Nikamwimbia beti mbili za kaswida ili asikie zile pumzi zinavyojificha. Alinitazama kama vile nimetoa njiwa kwenye foronya.

"Na wewe ni msanii," akasema.

"Mimi ni mtu wa mashuka. Vuta pumzi, tena usinyanyue mabega."

Tangu siku hiyo Ijumaa zetu zikawa na utaratibu. Aliingia, akapiga goti moja (tulikubaliana moja linatosha), akasema, "Shikamoo, ma," nami nikamwitikia marahaba. Tukafanya mazoezi ya pumzi, tukarekodi. Nyimbo nane zilikamilika hivyo.

Wa tisa, wimbo wa bibi, ulitutoa jasho. Kiyoruba, nilikuja kujifunza, ni lugha ambayo neno lile lile ukilipandisha sauti lina maana hii, ukiliacha lilale lina maana nyingine. Biti nayo ina kupanda na kushuka kwake, na wala haijali habari za kamusi. Msichana alikuwa ameandika mstari wa kumsifu babu yake, kwamba mume wa bibi alikuwa na sauti iliyosikika mpaka mtaa wa pili. Akaurekodi, ukapendeza, akamtumia bibi kwa simu. Majibu yakaja kabla hata sijamaliza kupanga troli. Aliisikiliza ile sauti ya bibi, akakaa chini juu ya furushi la mashuka, akaanza kucheka mpaka machozi.

"Anasema nini?"

"Biti imelivuta neno juu, ma. Mume limekuwa jembe." Akajifuta macho. "Bibi anauliza, kwa hiyo watoto saba nilizaa na jembe?"

Tulicheka mpaka nikaegemea rafu. Kwa muda wa wiki mbili mstari ule ulibadilishwa mara nyingi. Kila akiurekebisha huku, jambo jingine linaharibika kule. Mara babu anageuka gari. Bibi hakusamehe hata neno moja, na msichana hakutaka kusamehewa. Mara mbili rafiki yake wa Lagos alimwambia auache tu, watu watacheza, nani atasikiliza? Alimjibu kwamba yupo mmoja atakayesikiliza.

Kisha tukakamatwa.

Meneja wetu wa usafi alikuwa mama wa makamo kutoka Sri Lanka, mtu ambaye angeweza kuona mkunjo kwenye shuka akiwa amesimama mwisho wa korido. Ijumaa hazikuwa zamu yake. Ijumaa hiyo mlango ukafunguliwa, akasimama pale, mkoba begani, anamtazama askari wa getini akiliimbia rundo la mataulo. Msichana akapiga goti, "E ku ise, ma."

"Simama," meneja akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Nani amemruhusu?"

"Mimi."

"Unajua chumba hiki ni cha nani na nani?"

"Najua."

Hakupandisha sauti. Jumatatu yake nikapewa barua ya onyo, ya kwanza tangu nifike hotelini. Msichana alitaka kwenda kusema kwamba aliingia bila mimi kujua, nikamkataza. Nilishasema kweli na sikuwa na haja ya kuiombea msaada wa uongo. Lakini nilikuwa nimeumia. Nilijiona mtu mzima ovyo, niliyeharibu jina langu kwa ajili ya rap. Kwa siku kumi hivi nilipita pale mlangoni bila kumsemesha. Yeye akitazama mkobani, mimi nikitazama dari.

Siku ya kumi na moja, badala ya kutazama tu, akatumbukiza kitu. Nilipofika nyumbani nikakuta kifuko cha vitu vya unga vilivyokaangwa, vidogo vidogo, vitamu, mfano wa visheti vyetu visivyotiwa shira. Alikuwa amevikaanga mwenyewe. Nikala kimoja, nikala cha pili, hasira zikaisha kabla ya kifuko. Asubuhi nikamwuliza, "Wimbo wa bibi umefikia wapi?"

"Haujafika popote, ma. Sina pa kuurekodia."

Aliyetusikia ni dereva mmoja Mkenya, kijana wa Nakuru aliyekuwa akipeleka wageni uwanja wa ndege. Alikuwa na gari lake mwenyewe, dogo, kuukuu, analoliosha kuliko linavyostahili.

"Mathe, shida yenu ni kelele tu?" akauliza. "Si kuna gari yangu? Ukifunga madirisha hiyo ni studio fiti kabisa."

"Mimi si mama yako. Usiniite Mathe."

"Sawa, Mathe."

Ijumaa iliyofuata sote watatu hatukuwa kazini. Dereva alikuwa akiishi Al Thumama, basi tukaanzia huko, karibu na kwake, kwenye kivuli cha ukuta. Nilileta mablanketi mawili ya kwangu, niliyoyanunua mtaa wa Najma kwa hiari yangu na ambayo hayakuandikwa jina la hoteli yoyote, nilikuwa nimeshajifunza. Tukayatundika madirishani. Msichana akaanza. Kila alipofika ubeti wa pili, ndege ikashuka juu ya vichwa vyetu kuelekea uwanjani, ikatikisa mpaka vioo. Mara ya nne dereva akafungua mlango, akaitazama ile ndege kwa uchungu kana kwamba ni ya mjomba wake.

"Hapa hatutoboi," akasema. "Twende Al Wukair."

Tukaenda mpaka pale nyumba mpya zinapoishia na uwanda unapoanza. Kwa kuwa ni Ijumaa, mafundi hawakuwapo, mashine zote zilikuwa kimya. Lakini joto! Kiyoyozi hatukuweza kukiwasha kwa sababu kinavuma. Dereva alisimama nje barabarani kama trafiki, akiwaonyesha watu wa pikipiki ishara wapite polepole, na wapo waliotii kwa kudhani kuna msiba. Mimi na msichana ndani, yeye kiti cha nyuma na maiki yake ndogo, mimi pembeni yake nikimpepea kwa kipande cha boksi kisichotoa sauti. Jasho lilitutiririka mpaka vifundoni.

Mara ya kwanza alikosea, mara ya pili nilipiga chafya mimi. Mara ya tatu aliweka kiganja tumboni, akafumba macho, akaanza. Kiingereza kilikuja kwanza, cha majigambo, kisha bila kusimama akageukia Kiyoruba, na safari hii hakukifukuza kama mtu anayekimbilia basi. Alikiacha kiwe kinapanda na kushuka kinavyotaka chenyewe, na biti ndiyo ikamfuata. Pumzi sikuisikia hata moja. Alipomaliza nilisahau kabisa kwamba maiki bado inarekodi, nikasema kwa sauti yangu yote, "Mashallah!"

Nikaziba mdomo. Yeye akafumbua macho, akanitazama.

"Hiyo naiacha," akasema.

Akamtumia bibi. Tukafungua milango yote minne, tukakaa kwenye upepo wa moto tukinywa laban, yale maziwa mtindi ya baridi aliyoyaleta dereva, tukisubiri. Jibu lilipokuja lilikuwa refu. Haikuwa sauti ya kuzungumza. Bibi alikuwa akighani, polepole, mstari baada ya mstari. Msichana akajifunika uso kwa mikono miwili.

"Amekataa?" dereva akaninong'oneza.

Msichana akatikisa kichwa. "Ni oriki yangu. Hajaniimbia tangu nilipokuwa na miaka tisa."

Albamu ilitoka wakati baridi imeanza, msimu ambao Doha mtu anaweza kukaa nje na akafurahi. Tuliisikiliza pamoja alasiri moja kwenye ukumbi wa chakula wa nyumba za wafanyakazi. Wapishi walipika wali, Waganda wa ulinzi wakaleta spika, dereva akajipa kazi ya ushereheshaji bila kuombwa na mtu. Nilitegemea watu ishirini. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa juu ya meza.

Kulikuwa na wimbo mmoja, karibu wote kwa Kiingereza, ambao sikuwa nimeusikiliza vizuri tulipokuwa tukiurekodi. Ulihusu ile kazi yake ya mlangoni, vitu anavyoviona akifungua mikoba yetu: ndala iliyokatika inayopelekwa kushonwa, tende zilizofungwa kwenye leso, dawa ya kikohozi, picha ya mtoto mwenye pengo, mandazi yaliyopondeka. Hakumtaja mtu. Lakini ilipofika hapo kwenye mandazi, mama mmoja wa Unguja anayefanya kazi jikoni aliruka juu. "Yangu hayo! Wallahi hayo mandazi yangu!" Ukumbi ukalipuka. Kutoka hapo kila kitu kikapata mwenyewe. Mkenya mmoja akaisimamia ile ndala kama mtu anayedai shamba la urithi. Wimbo ukarudishwa mwanzo mara tatu.

Wimbo wa bibi ulipoanza watu walitulia. Sidhani kama walikuwapo watano waliojua Kiyoruba mle ndani, lakini kiitikio kiliporudi mara ya pili wote walikuwa wakikiimba, na walikiimba vibaya. Huenda tulilitaja jembe mara mia. Halafu mwishoni ikatoka sauti yangu, kubwa, ya kike, ya Tanga, "Mashallah!" na watu wakageuka kunitafuta. Nilitamani kuingia chini ya meza. Nilifurahi pia, siwezi kuficha.

Wakati watu wanacheza nikamwona meneja wetu. Alikuwa ameketi karibu na mlango, sahani ya wali mapajani, hana sare, kavaa sari ya rangi ya chungwa. Nikaenda kumsalimia.

"Huu wimbo umerekodiwa chumbani kwetu?" akauliza.

"Hapana, madam. Huu tuliurekodi ndani ya gari."

"Inasikika. Zile nyingine ni nzuri zaidi kwa sauti." Akala kijiko kimoja, akatafuna taratibu. "Chumba kile kinashika sauti vizuri. Mimi huimba mle."

Nikadhani sikusikia.

"Ijumaa moja moja," akasema, "kwa kuwa siko zamu. Nyimbo za sinema za kwetu, za zamani. Siku ile nilikuja kuimba nikakuta mmenitangulia."

Tulitazamana. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, lakini yeye ndiye aliyecheka kwa muda mrefu zaidi. Barua yangu ya onyo haikufutwa, sheria ni sheria. Ila tangu hapo kila Ijumaa saa nane nina shughuli ghorofa za juu, na nikishuka huwa nakohoa kwanza kabla ya kufungua mlango.

Msichana alimaliza mkataba wake miezi michache baadaye akarudi Lagos. Alishapata mialiko miwili ya kuimba jukwaani na redio moja ilikuwa ikipiga nyimbo zake kila siku. Siku ya kuondoka alipiga magoti yote mawili pale pale mlangoni, mbele ya foleni nzima, na askari aliyechukua nafasi yake hakujua atazame wapi.

Wiki iliyopita alinipigia simu ya picha. Alikuwa Abeokuta, nyuma yake kamba zimetundikwa vitambaa vya rangi ya nili, vingine bado vinachuruzika. Bila kunionya akamkabidhi mtu simu. Nikamwona mwanamke mzee mwembamba, mikono ya buluu mpaka kwenye viwiko, ananitazama kwa jicho moja karibu sana na kioo. Akaanza kunisemesha Kiyoruba. Nikamjibu kwa Kiswahili, ningemjibu kwa nini kingine? Msichana nilimsikia pembeni akicheka, nikamwambia atutafsirie, akakataa katakata.

Basi tukaendelea wenyewe. Bibi akaniletea kitambaa karibu, akanionyesha mahali kilipofungwa uzi ili rangi isiingie. Nikamgeuzia simu nikamwonyesha rafu zangu, mashuka meupe kutoka sakafuni mpaka darini. Alipiga kelele akashika kichwa. Nadhani alikuwa akisema ni hasara kubwa, nguo nyingi kiasi kile na hata moja haijatiwa rangi. Nikamwambia wageni ndivyo wanavyopenda. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akanyoosha kidole kwenye rundo la foronya, akauliza kitu kirefu chenye kupanda na kushuka, nami nikamweleza kwa utulivu, moja baada ya nyingine, namna tunavyozikunja.